Panga za sponji, ngao na bendera za kuibiwa: tumepima vifaa vya Arusha na Moshi kwa timu zenye bifu

Kama mnaunda timu ya mchezo wa zama za kati, ule wa kuvaa kanzu za mashujaa, kushika upanga wa sponji na kuvizia bendera ya majirani, anzeni na mati ya sponji ya kulalia ya wapanda mlima na bomba la maji la PPR. Hivyo viwili vikiunganishwa vizuri vinashinda kila kitu kingine tulichopima katika masoko ya Arusha na Moshi, na vinaziacha mbali sana zile panga za plastiki zinazouzwa kwenye maduka ya vitu vya watoto. Kigezo chetu ni kimoja tu. Kifaa kizuri ni kile kinachoruhusu bifu likolee bila mtu kuumia na bila mtu kupata kisingizio. Timu mbili zinazotaniana zikipewa vifaa vibovu, utani unageuka ugomvi wa kweli kabla hata jua halijasogea.

Ugomvi huo unatokana na namna mchezo wenyewe ulivyo. Hakuna mashine inayohesabu mapigo, na refa mmoja hawezi kuona watu ishirini kwa wakati mmoja. Society for Creative Anachronism, jumuiya iliyoanzia Berkeley, California, tarehe 1 Mei 1966, imesimama hadi leo juu ya kanuni kwamba aliyepigwa ndiye anayetamka kuwa pigo limeingia. Ukipigwa mkono, mkono huo haupigani tena. Ukipigwa mguu, unapigana umepiga magoti. Ukipigwa kifuani umekufa, unatoka. Vikundi vilivyokuja baadaye na silaha za sponji, kama Dagorhir ya mwaka 1977 na Amtgard iliyoanzia El Paso, Texas, mwaka 1983, navyo vinategemea ukweli wa mchezaji mwenyewe. Sasa mpe mtu upanga mwepesi mno kiasi kwamba mpinzani hausikii mwilini. Mpigaji anaona kabisa amepiga, mpigwaji anaona kabisa hajaguswa, na wote wawili wanasema kweli. Hapo mtu anaitwa mwizi mbele ya wenzake, na bifu lililoanza kwa kucheka linahamia nyumbani. Upande wa pili, upanga mgumu unaacha alama mwilini, na mwenye alama atatafuta siku ya kulipiza. Upanga mzuri upo katikati: unasikika wazi, hauumi.

Tuanze na kiini chake. Maduka ya vifaa vya ujenzi yana mabomba matatu ambayo watu hujaribu. La kwanza ni lile jeupe la kupitishia nyaya za umeme, la milimita 20. Bei yake iko chini na ni jepesi, ndiyo maana kila anayeanza hulikimbilia. Ukuta wake ni mwembamba, na likizidiwa halipindi, linapasuka vipande vyenye makali vinavyochoma sponji na kutokeza nje. Likikaa juani miezi kadhaa linazidi kuwa kavu na hali inakuwa mbaya zaidi. Hatulipendekezi kwa yeyote, watoto ndio kabisa. La pili ni bomba jeusi la kumwagilia shambani. Hilo halivunjiki, ila linayumba: mkono umeshasimama, ncha bado inakuja, kisha inachapa kama fimbo ya ng'ombe. Mpigaji anaapa hakutumia nguvu, na ni kweli, nguvu imetoka kwenye bomba.

La tatu ni PPR, lile la kijani au jeupe ambalo mafundi bomba huliunganisha kwa moto. Chukua la milimita 20. Linauzwa kwa urefu wa mita 4, na maandishi ya ubavuni yanaeleza unene wake: PN16 lina ukuta wa milimita 2.8, PN20 lina ukuta wa milimita 3.4. PN16 linatosha kwa upanga wa mkono mmoja. PN20 ni zito kidogo na tunaliona linafaa zaidi kwa mkuki mfupi. Yote mawili yanapinda kidogo yakipigwa na kurudi, na yakichoka yanaonyesha mstari mweupe pale yanapokunjikia kabla ya kukatika. Dalili hiyo ya mapema pekee inatosha kulipa PPR ushindi. Ukiona mstari mweupe, ondoa sponji, tupa bomba.

Kuna watakaouliza kuhusu mwanzi, kwa kuwa huku Kilimanjaro na Meru haukosekani. Mwanzi ukivunjika unatoa vijiti vyenye ncha kali kuliko bomba la umeme, na ndani ya sponji huwezi kuviona. Wale wa Society for Creative Anachronism hawatumii sponji kwa watu wazima, wanatumia henzerani, ile miti ya kusukia viti, yenye kipenyo kisichopungua inchi 1.25, yaani karibu milimita 32, kwa sababu henzerani ikichoka inavurugika nyuzi badala ya kupasuka vipande. Lakini wao wanavaa kofia za chuma zenye unene wa milimita 1.6 hivi na kinga za viungo. Usichukue fimbo yao ukaacha kofia yao.

Sponji ndiyo inayoleta tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote, na hapa miji yetu miwili ina bahati. Kwa kuwa Arusha na Moshi zinaishi na mlima, zimejaa maduka ya kukodisha vifaa vya kupandia, na mati za kulalia za sponji ngumu huchoka kila msimu. Zimetobolewa, zimechanika pembeni, mgeni hawezi kupewa tena. Kwa upanga hazina kasoro. Waulize wenye maduka hayo, au wagumu, yaani wapagazi wanaorudi kutoka mlimani, na bei itakuwa ya kuelewana. Tafuta mati yenye unene wa sentimita 1, upana wa karibu sentimita 50 na urefu wa karibu mita 1.8. Ibonyeze kwa kidole gumba hesabu tatu kisha uachie. Ikirudi mara moja, nunua. Ikibaki na shimo, imekufa, iache.

Sponji ya godoro ndiyo kosa linalorudiwa zaidi. Ni laini mkononi, mafundi makochi wanayo mabaki tele, na mtu anadhani ulaini ndio usalama. Vitundu vya sponji ya godoro vimefunguka, hewa inatoka mara moja, kwa hiyo pigo zito linaibana mpaka mwisho na bomba linafika kwenye mfupa. Pigo jepesi nalo halisikiki. Yaani sponji moja inaleta malalamiko yote mawili. Tena inanyonya maji. Katika masika, upanga wa godoro ukianguka kwenye nyasi zenye maji unaokotwa ukiwa na uzito mwingine kabisa. Mati ya mlimani vitundu vyake vimefungwa, kila kimoja kina hewa yake ndani, ndiyo maana hainywi maji na haikubali kubanwa yote.

Sponji nyeusi ya mabomba ya AC, inayopatikana kwa mafundi friji, tumeipa nafasi ya pili. Inakuja ikiwa bomba tayari, unaichomeka tu. Ile yenye tundu la milimita 22 inakaa vizuri kwenye PPR ukizungusha kwanza tepu kidogo. Unene wa milimita 13 peke yake hautoshi kwa upanga, na inachoka haraka. Kwa mpini wa mkuki, ambao haupigi mtu, ni nzuri sana.

Hesabu yenyewe imekaa vizuri: bomba moja la mita 4 na mati moja vinatoa panga tano. Kata PPR vipande vya sentimita 75, vitakuwa vitano na kitabaki kipande cha sentimita 25. Katika kila kipande sentimita 20 ni mpini na 55 ni za ndani ya ubapa. Laini miisho kwa msasa, kisha gonga kizibo cha mti ndani ya kila mdomo, kiingie kama sentimita 3, na juu yake gundisha miduara miwili ya mpira wa ndani wa tairi. Kazi ya mpira huo ni kuzuia mdomo wa bomba usiikate sponji kwa ndani. Ukiuruka, ncha itatoboka mapema na hutaona kwa nje.

Kwenye mati, kata kwa kila upanga kipande cha sentimita 60 kwa 9 na kingine cha sentimita 60 kwa 15.5. Cha kwanza kinazunguka bomba, cha pili kinazunguka cha kwanza. Paka gundi ya fundi viatu, nyembamba, pande zote mbili zitakazokutana. Halafu subiri. Watu wengi wanaharibu hapa. Gundi hii inashika ikiwa imeshakauka juu juu. Ukigusa kwa kidole haishiki ngozi. Moshi mchana wa Februari ni dakika kumi au pungufu, Arusha asubuhi ya Julai yenye ukungu inaweza kupita ishirini. Ukiunganisha ikiwa mbichi, mvuke unabaki ndani, na wiki ya pili sponji inazunguka kwenye bomba kama soksi kubwa mguuni. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki, maana gundi nyingine zinakula aina fulani za sponji. Fanyeni kazi hiyo nje au kwenye baraza, mvuke wake si mzuri kichwani.

Mshono wa tabaka la kwanza ukae upande mmoja na wa tabaka la pili upande wa pili wake. Ikikutana mishono yote miwili sehemu moja, hapo ndipo panafunguka. Ubapa sasa una kipenyo cha karibu sentimita 6, na sponji imepita mdomo wa bomba kwa sentimita 5. Shimo hilo la mbele lijazwe na miduara ya mati iliyogundishwa mmoja juu ya mwingine, mitano, mpaka usawa, kisha ongeza mduara wa sita unaofunika mdomo wote. Ncha isiwe nyembamba kuliko ubapa hata kidogo. Wapenda sura huichonga iwe kama upanga wa kweli, na ncha iliyochongwa ndiyo inayoweza kuingia kwenye tundu la jicho. Iache butu, pana, mbaya machoni. Chini ya mpini weka tufe la sponji lenye ukubwa wa ngumi, kwa sababu katika msukumano watu hupigwa midomo na kitako cha upanga kuliko na ubapa.

Tepu pana ya kijivu itumike kwenye mpini na kwa michirizi miwili ya urefu tu kwenye ubapa. Kuizungusha tepu ubapa mzima na kuikaza kunaibana sponji na kuifanya igeuke ngozi. Pigo linakuwa kofi. Juu ya yote fundi cherehani akushonee mfuko wa kitambaa cha marekani: upana sentimita 23 kabla ya mshono, urefu sentimita 70, mdomo unafungwa kwa kamba chini ya ubapa. Mikono ya trakisuti za mitumba nayo inafaa bila kushona zaidi ya ncha. Upanga mzima usizidi gramu 400. Pima kwenye mizani ya duka la mangi aliye karibu.

Kabla ya kila mchezo, bonyeza ncha kwa gumba. Ukilisikia bomba, upanga huo hauingii uwanjani, awe mwenye nao ni mfalme au mpagazi. Kagua panga za pande zote mbili mbele ya pande zote mbili. Timu zenye bifu zinapenda kunong'ona kwamba wenzao "wamejaza kitu", na ukaguzi wa hadharani unaua maneno hayo kabla hayajazaliwa.

Kuna mtu mmoja katika kila timu ambaye hafi, yaani hakubali kamwe kwamba amepigwa. Wamarekani wanasema ana ngozi ya kifaru. Dawa yake ipo dukani kwa vifaa vya shule: chaki ya rangi. Pakaza kidogo ubavuni mwa ubapa, sentimita 40 za katikati tu, kamwe usipake ncha maana vumbi lake likiingia machoni linawasha. Mfuko uwe wa rangi nyeusi, kanzu ziwe nyeupe au za rangi ya udongo. Pigo linaacha mstari. Hakuna tena mjadala, na kifaru anatembea na mistari yake mchana kutwa watu wakiihesabu kwa sauti. Huo ni mzaha bora kabisa, kwa kuwa unamsuta bila kumtukana. Tunaipa chaki alama zote.

Ngao haina haja ya maneno mengi. Plaiwudi ya milimita 9 ni imara lakini kingo zake ni hatari, inabidi kuzivika mpira wa hozi uliopasuliwa kwa urefu na kufungwa waya kila sentimita 10, ncha za waya zikiwa upande wa ndani. Pipa la plastiki la bluu la lita 200 ni bora zaidi: limeshapinda lenyewe, halipasuki, na fundi mmoja akiwa na msumeno wa chuma anatoa ngao nne ubavuni mwake. Uliza lilikuwa na nini. La kemikali liache hata ukipewa bure. Mikanda ya kushikia itoke kwenye mikanda ya ngozi ya mitumba, miwili kwa kila ngao, na vichwa vya bolti vifunikwe sponji kwa ndani, vinginevyo ngao itamuumiza mwenye nayo. Macho yalindwe kwa ile miwani ya plastiki safi ya mafundi wa grainda. Kofia ya bodaboda ni nzito, inaziba masikio, na anayeivaa anajiona ana ruhusa ya kuingia kwa kichwa.

Tufike kwenye bendera, kwa sababu hapo ndipo bifu linapoishi. Tulitazama vitambaa vitatu kwa mafundi cherehani wa Arusha na wa Moshi. Kitenge kinapendeza lakini nakshi zake zinafanya bendera zote zifanane kwa mbali. Satini inang'aa, ikichanika inafumuka yote. Tetroni nzito ndiyo yenyewe: haichuji upesi, inakauka haraka, na alama za kitambaa cha rangi nyingine zinashoneka juu yake bila kukunjana. Agiza sentimita 90 kwa 150, na mfuko wa kuingizia mti wenye upana wa sentimita 8. Mwambie fundi alama ionekane pande zote mbili, na mchoree pande zote mbili. Usipomchorea, upande wa nyuma simba wa alama yako ataupa mti mkia na timu ya pili itakuwa na wimbo mpaka mwisho wa mwaka. Msitumie bendera ya taifa wala rangi za chama chochote cha siasa. Kitu hiki kitaburutwa, kitafichwa mgombani, kitakaliwa. Shona mbili zinazofanana: moja ya kuibiwa, moja ya kupiga picha.

Thamani ya kinachogombaniwa iwe ndogo, tena ndogo ya kuchekesha. Vita maarufu kuliko vyote vya mchezo huu, Pennsic, vilivyoanza 1972 na vinavyofanyika Pennsylvania, vina simulizi ambayo wenyewe hawachoki kuisimulia: falme mbili za kimchezo, ya Mashariki na ya Kati, zinagombania mji wa Pittsburgh, na anayeshindwa ndiye anayelazimika kuuchukua. Mfalme aliyeanzisha uchokozi huo, anayejulikana mchezoni kama Cariadoc of the Bow, alituma tangazo la vita akiwa mfalme wa Kati, akahamia Mashariki, akawa mfalme huko, akalikubali tangazo lake mwenyewe. Tena akashindwa. Tangu hapo watu hukutana karibu kila mwaka, siku hizi kwa maelfu, kwa sababu ya mzaha huo, na haujachacha kwa kuwa hakuna aliyepoteza chochote. Timu za Arusha na Moshi zina neema ya mada za aina hiyo: nani ana haki ya kuutazama mlima, ndizi za wapi zinafaa mtori, ukungu wa nani ni mzito. Wekeni moja kwenye maandishi, isomwe na mpiga mbiu, ipigiwe saini.

Huku kwetu tayari tuna shule ya jambo hili. Mpare na Mchaga wanajua wanachoweza kuambiana hata msibani, na shabiki wa Simba anajua mpaka wa kumtania wa Yanga. Mipaka hiyo ihamie uwanjani. Wahusika wajulikane kuwa wameingia kwenye utani. Anayepita njia au mgeni wa siku ya kwanza haguswi. Bendera iliyoibiwa irudi kabla ya watu kutawanyika, kwa fidia ya kreti ya soda, mkungu wa ndizi, au shairi la kumsifu mwizi, lakini pesa taslimu hapana. Daftari moja liandike kila bifu limeanza lini, linagombania nini na linaisha lini. Bifu lisilo na tarehe ya kuisha huishia kuwa chuki tupu. Na tunaomba sana kwa upande wa Moshi: uhasama wa machifu wa zamani, Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho, unavutia kuuigiza, ila uliishia kwa bunduki za Wajerumani kuipiga Kibosho mwaka 1891, na Mangi Meli, mtoto wa Rindi, alinyongwa mwaka 1900. Wajukuu wao ni majirani zetu. Majina hayo msiyafanyie mzaha, buni ya kwenu.

Katika vifaa vya mizaha, kilichotufurahisha kuliko vyote ni njuga. Zinauzwa kwa wauza vitu vya ngoma na mapambo, na tatu ndogo zinatosha. Zinafungwa kwa uzi mwembamba kwenye mkanda wa mpinzani, nyuma, wakati wa chakula. Uzi uwe wa pamba, ukatike ukivutwa, usimning'inize mtu kwenye ua. Mviziaji wenu hodari anaingia kwenye mahindi akilia kama mbuzi wa mbele, na yeye ndiye wa mwisho kujua. Hakuna kilichoharibika, hakuna aliyeumia, na kisasi chake kinakuja kwa njia ileile. Bora utumie hizo kuliko mitego ya kamba kwenye nyasi, maana kamba zinavunja vifundo vya miguu.

Kuna vitu havina mjadala. Upupu, ambao waliosoma bweni wanaujua, usiingie kambini. Ngozi nyingine zinavimba na ukiingia machoni ni hospitali. Pilipili kwenye maji ya kunywa, gundi kwenye mpini, kufungua kamba za hema la mtu aliyelala, kuficha miwani, dawa au simu, vyote vinamtoa mtu nje ya mchezo siku hiyo. Na kamwe msiguse upanga wa mpinzani. Anayechezea silaha ya mwenzake amechezea usalama, na baada ya hapo ukaguzi wote hauna maana.

Mavazi ni rahisi. Soko la Memorial pale Moshi na mitumba ya Kilombero Arusha zina makoti ya sufu, mablanketi na mikanda mipana; shuka moja la marekani lenye tundu la kichwa na mshipi kiunoni linatosha kumvika askari. Moshi iko chini, karibu mita 900, Arusha iko karibu mita 1,400, kwa hiyo koti la sufu linalofaa Arusha Julai litamwangusha mtu Moshi Januari. Kila mchezaji abebe lita 2 za maji, mfalme asiwe na ruhusa ya kuanza vita kabla chupa hazijaonekana.

Sime ya kweli na rungu la kweli vibaki nyumbani, hata kama ni sehemu ya vazi la mtu. Katika mkumbo wa watu hamsini hakuna anayeangalia kipi ni sponji. Panga zenu zisafirishwe ndani ya gunia, zisining'inie kwenye bodaboda, na mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa mapema pamoja na mwenye uwanja. Mpelekeeni upanga mmoja aubonyeze mwenyewe, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Mkimaliza, vueni mifuko ifuliwe na panga zilazwe ubavu, kivulini. Zikisimamishwa kwa ncha sponji ya mbele inalala na hairudi. Zikifungiwa kwenye buti la gari juani, gundi inalegea na tabaka la juu linateleza. Kagua ncha kila mwezi. Miduara sita ya mati na gundi kidogo inarudisha upanga kazini siku hiyohiyo.